Wapitao kwa Haraka: Ndege Adimu wa Gilgil Kati ya Machi na Mei

Mji wa Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru, umejengwa juu ya mwinuko unaotenganisha mabonde mawili ya maji ndani ya Bonde la Ufa. Upande wa kusini liko bonde la Ziwa Naivasha, ambalo maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, na hulishwa na Mto Malewa pamoja na Mto Gilgil. Upande wa kaskazini-magharibi liko bonde la Ziwa Elementaita, ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea, ambalo hupoteza maji yake kwa kugeuka mvuke juani. Mashariki husimama ukingo wa Kinangop na nyuma yake Milima ya Nyandarua, na kusini-magharibi huinuka Mlima Eburu. Kwa hiyo ndege anayefuata bonde kutoka kusini kwenda kaskazini hufika mahali ambapo, kwa mwendo wa saa moja hivi wa mbawa, atakuta mafunjo ya Naivasha, migunga ya kando ya mito, vichaka vya leleshwa vyenye majani ya kijivu, nyanda za malisho, na hatimaye ufuo wa tope la magadi. Ni nadra kupata mazingira mengi hivyo yaliyosongamana katika eneo dogo hivyo, na ndiyo maana Gilgil, ambao wasafiri wengi wa barabara kuu huujua kwa mizani ya malori na kwa nyama choma ya Kikopey, unastahili sura yake katika maelezo yoyote ya uhamaji wa ndege wa Afrika Mashariki.

Uhamaji, kwa maana inayotumika hapa, ni safari ya kila mwaka ya kwenda na kurudi ambayo ndege huifanya kati ya nchi anakozalia na nchi anakoishi wakati asipozaliana. Ndege wanaozungumziwa zaidi katika sura hii huzaliana Ulaya, Siberia na Asia ya Kati kati ya Mei na Agosti, kisha hushuka Afrika kukwepa baridi kali na ukosefu wa chakula. Bonde la Ufa ni sehemu ya njia kuu ya ndege inayounganisha Afrika na mabara hayo, na umuhimu wake umetambuliwa rasmi. Ziwa Elementaita liliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya ardhioevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima, na mwaka 2011 ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, likatangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, maziwa hayo matatu yakiwa na eneo la jumla la hekta 32,034. Zaidi ya spishi 100 za ndege wahamaji hutumia maziwa hayo. Udongo mweupe wa Kariandusi, unaochimbwa umbali mfupi kutoka mjini na ambao umeundwa kwa mabaki ya mwani wadogo wasioonekana kwa macho, huonyesha kwamba maziwa yamekuwapo hapa, yakijaa na kukauka, tangu enzi za watu waliochonga yale mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey aliyachimbua mahali hapo hapo.

Kule kaskazini safari ya kurudi hufanyika katika majira ya kuchipua, lakini Gilgil, iliyo nusu digrii tu kusini mwa ikweta, haina majira hayo. Kipindi cha Machi hadi Mei hapa ni cha mvua ndefu, na urefu wa mchana hautofautiani ila kwa dakika chache mwaka mzima. Hapo ndipo linapozuka swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu: ndege aliyekaa miezi mitano katika nchi ambayo jua halimpi dalili yoyote anajuaje kwamba barafu ya Siberia inakaribia kuyeyuka? Jibu lilianza kupatikana katika miaka ya 1960, pale mwanabiolojia Mjerumani Eberhard Gwinner alipowafuga ndege wadogo wa kijani-manjano wa spishi Phylloscopus trochilus, wahamaji wa kawaida sana Afrika Mashariki, katika vyumba ambamo mwanga uliwashwa kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12 kila siku bila kubadilika. Ndege hao waliendelea kubadilisha manyoya, kunenepa na kuhangaika usiku kwa mpangilio uliokaribia mwaka mmoja, ingawa hakuna kitu nje kilichowaambia tarehe. Walikuwa na kalenda ndani ya miili yao.

Kwa wakazi wa Nakuru historia hiyo ina sehemu inayowahusu kwa karibu zaidi. Gwinner na wenzake walitaka kujua kama kalenda hiyo iko pia kwa ndege wa kitropiki asiyehama, na wakachagua spishi Saxicola torquatus, ndege mdogo wa nyasi ambaye dume lake lina kichwa cheusi na kifua cha rangi ya kutu na hupenda kukaa juu ya nguzo za ua. Ndege waliotumiwa walitoka eneo la Ziwa Nakuru. Wakifugwa Ujerumani chini ya mwanga usiobadilika, waliendelea kwa miaka mingi kupitia vipindi vya kuzaliana na vya kubadilisha manyoya, mzunguko wao ukiwa mfupi kidogo kuliko mwaka. Ndege huyo bado yuko kwenye nyua za mashamba kati ya Gilgil na Nakuru, na mtu anayepita kwa miguu anaweza kumtazama kwa hatua kumi bila darubini. Ni vyema ijulikane kwamba moja ya misingi ya elimu ya uhamaji duniani iliwekwa kwa msaada wake.

Kalenda ya ndani inaeleza kwa nini mhamaji huondoka. Haielezi kwa nini huondoka kwa haraka. Safari ya kushuka kusini kati ya Agosti na Desemba haina shuruti kubwa ya muda, kwa hiyo ndege husafiri kwa awamu, akikaa wiki kadhaa popote penye chakula. Safari ya kurudi ni tofauti, maana dume anayefika mapema hujipatia eneo bora la kuzalia, na majira ya joto ya kaskazini ni mafupi kiasi kwamba kuchelewa kwa wiki mbili kunaweza kumaliza nafasi ya kulea kinda mwaka huo. Mfano ulio wazi ni wa Oenanthe oenanthe, ndege wa ardhini mwenye kiuno cheupe ambaye huonekana kila mwaka kwenye malisho mafupi ya hifadhi ya Soysambu na kandokando ya Elementaita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia vifaa vidogo vya kurekodi mwanga vilivyofungwa migongoni mwa ndege waliozaliana Alaska, ulionyesha kwamba ndege hao wenye uzito wa gramu 25 hivi huvuka Asia yote kuja Afrika Mashariki, mwendo wa takriban kilomita 14,500. Safari ya kuja ilichukua wastani wa siku 91, na ya kurudi siku 55. Kwa mtazamaji wa Gilgil tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu spishi iliyokaa mbele ya macho yake kwa majuma mengi mwezi wa Oktoba inaweza kupita mwezi wa Aprili kwa alasiri moja tu.

Maandalizi ya safari huonekana vizuri zaidi kwenye ufuo wa Elementaita, ziwa ambalo kina chake kwa kawaida hakizidi mita chache na ambalo tope lake limejaa mabuu ya nzi na wadudu wengine wanaostahimili magadi. Ndege wa kutazamwa kwanza hapo ni Calidris minuta, mdogo kuliko chamchanga wengine wote wa kawaida, yaani wale ndege wa ufuoni wenye miguu myembamba na mdomo wa kudonolea tope. Mwezi wa Januari ana mgongo wa kijivu hafifu na tumbo jeupe, na huwa amebadilisha manyoya makuukuu ya mbawa ili yasikatike angani. Kuanzia mwisho wa Machi kila unyoya wa mgongoni huota ukiwa na kiini cheusi na ukingo wa rangi ya kutu, na mistari miwili myeupe hujitokeza ikikutana kama herufi V. Wakati huo huo mwili hufura chini ya koo na kuzunguka tumbo kwa mafuta, ambayo kwa kila gramu hutoa nishati zaidi ya maradufu ya ile ya protini au wanga. Mbio zake za kudona hazikatiki tangu alfajiri hadi giza, kichwa kikishuka na kuinuka kama sindano ya cherehani. Jioni fulani ya mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei kundi zima huruka, huzunguka juu ya maji likilia, na kesho yake ufuo huwa mtupu.

Pamoja naye huwa yuko Calidris pugnax, mkubwa zaidi na mwenye shingo ndefu, ambaye katika Bonde la Ufa la Kenya wengi wao ni majike, kwa kuwa madume hubaki zaidi kaskazini. Elimu ya ndege hawa ilitokana na kazi ya subira ya kuwanasa kwa nyavu na kuwavisha mguuni pete nyepesi ya chuma yenye namba, kazi ambayo David Pearson na wenzake waliifanya katika maziwa haya katika miaka ya 1960 na 1970. Baadhi ya pete hizo zilipatikana baadaye Siberia. Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwamba ndege wa Nakuru na Naivasha si lazima wawe wa Ulaya, kama ilivyodhaniwa na wengi, bali sehemu yao ni wa nyanda za baridi zilizo mbali sana upande wa mashariki.

Baada ya hayo inawezekana kueleza vizuri neno adimu linamaanisha nini linapotumika kwa ndege wa msimu huu, maana hutumika ovyo. Wako kwanza ndege ambao ni wachache duniani lakini hupita Gilgil kwa ratiba. Mfano ni tai wa nyika, Aquila nipalensis, anayezaliana kuanzia Urusi ya kusini na Kazakhstan hadi Mongolia, ambaye mwaka 2015 aliwekwa katika daraja la spishi zilizo hatarini kutoweka. Tai huyu hapigi mbawa sana. Hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini iliyopashwa na jua, akizunguka ndani yake hadi juu kabisa na kisha kuteleza hadi safu nyingine, na kwa sababu hewa ya namna hiyo haipandi juu ya bahari, hulazimika kuvuka maji mahali pembamba. Anapokuja Afrika wengi hupitia Bab el-Mandeb, ule mlango wa bahari kati ya Yemeni na Djibouti, na anaporudi hupitia Suez na Eilat. Kumwona Machi juu ya kingo za bonde karibu na Gilgil si ajabu, hasa baada ya mvua ya kwanza inapowatoa kumbikumbi ardhini, kwa maana tai huyu mwenye mbawa za zaidi ya mita moja na nusu hushuka na kutembea chini akiokota kumbikumbi mmoja mmoja. Anaonekana kila mwaka, lakini anapungua duniani; uadimu wake ni wa kuhuzunisha, na mtazamaji anayempita kwa sababu si mgeni kwenye orodha yake amekosea kipaumbele.

Kundi la pili ni la ndege walio wengi kiasi duniani ambao Gilgil huwaona kwa nadra kwa sababu hawatui. Glareola nordmanni, ndege wa mbawa nyeusi na mkia wa panda, huishi kwa makundi makubwa kusini mwa Afrika na huzaliana katika nyika za Urusi na Kazakhstan, na kati ya vituo hivyo viwili hupita juu sana, kwa mruko mrefu, akiiacha nchi nzima chini yake. Gallinago media, mwenye mdomo mrefu ulionyooka na mgongo wa madoa yanayofanana na nyasi kavu, ni mfano wa ajabu zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba ndege watatu wa spishi hiyo waliokuwa na vifaa vya kurekodi walitoka Sweden hadi Afrika ya kati bila kutua, mwendo wa kilomita 4,300 hadi 6,800 kwa siku mbili hadi nne. Ndege mwenye uwezo huo hahitaji Gilgil. Anaposhuka mwezi wa Aprili au Mei kwenye nyasi zilizojaa maji kando ya Malewa au katika madimbwi ya malishoni, huwa amelala kimya hadi mguu wa mtu au wa ng'ombe umkaribie kabisa, ndipo hulipuka kwa mwendo mzito, akionyesha weupe wa pembe za mkia, na kuanguka tena majanini umbali mfupi. Wachungaji humwona mara nyingi kuliko wataalamu.

Kundi la tatu ni la waliopotea njia au waliosukumwa nje ya makazi yao ya kawaida. Phalaropus lobatus hutumia miezi ya baridi akielea baharini, hasa katika Bahari ya Arabia, na Kenya hupatikana zaidi mbali na ufuo wa Pwani. Lakini mara chache hutokea mmoja au wawili kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambayo kwa chumvi yake na wadudu wake hufanana vya kutosha na bahari. Huogelea badala ya kutembea, na hula kwa kujizungusha mahali pamoja upesi upesi hadi maji yavute wadudu kutoka chini. Jike lake ndilo lenye rangi kali kuliko dume, nalo humwachia dume kazi ya kuatamia. Calidris melanotos, chamchanga anayezaliana kaskazini mwa Siberia na Amerika na kukaa zaidi Amerika ya Kusini, naye ameandikwa mara chache sana nchini. Katika kundi hili angeingia pia Acrocephalus griseldis akionekana Gilgil, kwa kuwa njia yake ya kawaida nchini Kenya iko mashariki, kwenye vichaka vikavu. Huyo huzaliana hasa katika mabwawa ya matete ya Iraki, ambayo katika miaka ya 1990 yalikaushwa karibu yote kwa amri ya serikali ya Saddam Hussein na kuanza kujazwa tena maji mwaka 2003, na kila anayeonekana Afrika Mashariki ni habari ya hali ya mabwawa hayo.

Mvua ndiyo inayoamua nani ataonekana. Wahamaji wengi wadogo husafiri usiku, hewa ikiwa imetulia na baridi ikiwazuia kupoteza maji mwilini, na usiku mkavu hupita bila kuacha alama. Dhoruba ikiwakuta juu ya bonde huwashusha popote walipo, na asubuhi inayofuata leleshwa na miti ya nyua huweza kujaa ndege ambao jana hawakuwapo. Jambo hilo linafahamika zaidi Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 ndege wanaoshushwa na ukungu na kuvutwa na taa mnamo Novemba na Desemba huvishwa pete. Gilgil haina ukungu wa aina hiyo, lakini ina ngurumo za Aprili. Mvua hiyo hiyo huwatoa kumbikumbi, na kumbikumbi huwavuta mbayuwayu, buabua wa mbawa nyeupe ambao kufikia wakati huo wamegeuka weusi mwili mzima, na wakati mwingine kozi wa Amur, Falco amurensis. Kozi huyo mdogo, mla wadudu, hutoka kusini mwa Afrika kwenda China ya kaskazini, Mongolia na Mashariki ya Mbali ya Urusi, na ndege waliowekewa vifaa vya setilaiti huko Nagaland, India, mwaka 2013 walithibitisha kwamba huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja. Si kozi peke yake: kekeo aliyeitwa Onon na watafiti, aliyewekewa kifaa Mongolia mwaka 2019, alirudi huko mwisho wa Mei 2020 baada ya kupitia nchi 16 na kupumzika, miongoni mwa nchi hizo, Kenya. Wengi wa wasafiri wa bahari hupita mashariki zaidi ya Bonde la Ufa, kwa hiyo kundi la kozi juu ya Gilgil ni tukio la kuandikwa tarehe na saa yake.

Kuandika ndiko kwenye udhaifu. Hesabu ya kila mwaka ya ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, ambayo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya huiratibu na wajitolea wengi hushiriki, hufanyika Januari, wakati wahamaji wametulia na wanahesabika. Hilo ni sahihi kabisa kwa lengo la hesabu hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba wapitao wa Aprili hawamo. Fauka ya hayo, mvua ndefu hufanya barabara za mashambani kuwa tope, wageni wa hoteli hupungua, na waongozaji watalii hukaa bila kazi kwa kipindi ambacho anga lina mambo mengi. Uchache wa kumbukumbu za msimu huu kwa kiasi kikubwa ni uchache wa macho. Spishi nyingi zinazoitwa adimu Gilgil zinapita kila mwaka juu ya paa za mji, juu ya reli, juu ya soko, na kinachokosekana ni mtu wa kuinua kichwa siku ile ile.

Njia za kuziba pengo hilo zipo na hazina gharama kubwa. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanzishwa mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na mtu yeyote anaweza kuandika spishi zote alizoziona katika mraba wake kwa muda usiopungua saa mbili, akiruhusiwa kuendelea kuongeza hadi siku tano, kisha akaituma orodha. Nature Kenya, jina la siku hizi la chama kilichoanzishwa mwaka 1909 kwa ajili ya elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki, kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi tangu mwaka 1971, na desturi ya namna hiyo ingefaa sana shule na vikundi vya vijana vya Gilgil. Kwa ndege asiye wa kawaida kabisa, orodha haitoshi. Maelezo hupelekwa kwa kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki, ambayo huyapima kabla ya kuyakubali, na matokeo huchapishwa katika jarida la Scopus, lililoanza kutolewa mwaka 1977. Kamati haitaki sifa za ndege zilizonakiliwa kitabuni. Inataka yale aliyoyaona mtazamaji mwenyewe: urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa, rangi ya miguu, umbali, upande wa jua, sauti, na ndege gani mwingine alikuwa karibu wa kulinganishwa naye. Ukali huo unafaa, kwa sababu chamchanga wa Aprili aliye katikati ya kubadilisha manyoya hufanana na spishi mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Mahali pa kutua napo panabadilika. Tangu karibu mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda kwa kiasi kisichozoeleka. Ziwa Nakuru lilifunika lango na barabara za hifadhi na kuua migunga ya ufuoni, na magadi yake yakapungua ukali. Kwa bata na mwari kina kipya si lazima kiwe hasara, lakini chamchanga hawezi kula mahali asipoweza kusimama, na ufuo mpana wa tope ukishazama, ndege aliyehitaji wiki tatu za kunenepa hulazimika kutafuta kwingine au kuondoka mwembamba. Elementaita, kwa kuwa ni la kina kifupi na kingo zake zina mteremko mdogo, hubadilisha sura upesi kuliko mengine, na thamani ya ufuo wake imeongezeka kadiri fuo za jirani zinavyozama. Nyaya za umeme mkubwa zinazokatiza bonde huwagonga korongo na tai, na jambo hilo linarekebishika: alama zinazoning'inizwa kwenye nyaya huonekana na ndege mapema, na nguzo zaweza kuundwa hivi kwamba tai anayetua asiguse nyaya mbili. Mashirika yanayojenga miundombinu hiyo yanapaswa kulazimishwa kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Mei inapoingia, wahamaji wengi wa kaskazini wakiwa wamekwisha kuondoka, huja mgeni wa upande mwingine. Ardeola idae, yangeyange wa Madagaska, huzaliana kisiwani humo na katika visiwa vichache vya jirani kati ya Oktoba na Machi, kisha huvuka bahari na kukaa bara la Afrika kuanzia Mei hadi Oktoba. Spishi hii iko hatarini kutoweka, na katika Bonde la Ufa hupatikana mmoja mmoja kando ya maji baridi, akiwa amesimama bila kutikisika chini ya tawi. Akishapoteza manyoya meupe ya kuzalia hufanana mno na yangeyange wa kawaida wa mistari. Mdomo wake mnene na mistari yake mipana na myeusi zaidi ndivyo vya kuangaliwa. Wakati huo huo kwenye fuo huwa wamebaki chamchanga wachache wenye rangi ya kijivu, wengi wao wakiwa wa mwaka wa kwanza, ambao kalenda yao bado haijawatuma kuzaliana; mtu akiwaona Juni asiwaandike kuwa wahamaji waliochelewa.

Kuchelewa halisi kulitokea mwaka 2011, na tukio hilo linaonyesha kumbukumbu za mahali padogo zinaweza kutumika vipi. Lanius collurio ni mbwigu mwenye mgongo mwekundu, kichwa cha kijivu na utepe mweusi unaopita machoni, mwenye tabia ya kuwachomeka wadudu kwenye miiba ya mgunga ili awararue vizuri. Hushuka kusini mwa Afrika kwa njia moja na kurudi kwa nyingine iliyo mashariki zaidi, akipitia Kenya mwezi wa Aprili, kisha Pembe ya Afrika na Arabuni. Majira ya kuchipua ya mwaka huo ndege hao walifika Ulaya ya kaskazini wakiwa wamechelewa kuliko kawaida, na watafiti waliokuwa wamewafunga vifaa vya kurekodi mwanga waligundua, katika makala ya mwaka 2012 ya jarida la Science, kwamba walikaa muda mrefu zaidi katika Pembe ya Afrika, ambako ukame mkali ulikuwa umepunguza wadudu na kuwafanya wakawie kunenepa. Kifaa kilichofungwa kwa ndege wachache kilitosha kuonyesha eneo la kukwama. Lakini vifaa havifungwi kila mwaka wala kwa kila spishi, ilhali tarehe ambayo mbwigu wa kwanza na wa mwisho wameonekana kwenye migunga ya Gilgil inaweza kuandikwa kila Aprili na mwanafunzi mwenye daftari. Tarehe zikiwa za kawaida Gilgil na ndege wakichelewa Ulaya, kikwazo kimetokea mbele yao, Somalia, Ethiopia au Arabuni, na tarehe zikisogea Gilgil kwenyewe, basi cha kuchunguzwa ni hali ya mvua na wadudu kusini, huko Zambia, Botswana na Afrika Kusini walikotoka.